Njia ya Malori na Usingizi wa Watoto Wetu



Juma hili safu yetu yatoka ndani ya nyumba na kusimama barabarani, kwani barabara nayo imekwisha kuingia ndani ya nyumba. Anayekaa Chaani, Magongo, Miritini au Jomvu hahitaji kuelezwa. Vyombo hulia kabatini trela ipitapo. Wanaozungumza hunyamaza katikati ya neno, wakangoja lori limalize kupumua breki zake, ndipo waendelee pale pale walipokatizwa, wala hawatambui tena kwamba walinyamaza. Mtoto aliyelazwa saa mbili huamka saa nne, akaamka tena saa saba, na mama yake ndiyo kwanza amefumba macho, mara adhana ya alfajiri hiyo. Mazoea hayo yanitia hofu kuliko kelele yenyewe. Mtu akishazoea kukatizwa maneno nyumbani mwake, hasemi tena kwamba amekatizwa.

Kabla sijaendelea, niweke wazi jambo moja nisije nikafahamika vibaya. Mombasa hula bandarini. Ni nyumba ngapi za wasomaji wetu zinazolipa karo kwa mshahara wa dereva, wa taniboi, wa karani wa forodha, wa fundi wa magurudumu, au kwa faida ya mama auzaye chai na mahamri langoni mwa yadi? Mwaka 2019 ilipotolewa amri kwamba makontena yaingiayo nchini yapakiwe reli yapelekwe Nairobi, watu wa mji huu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu wakidai kazi zao zirudi. Mwezi Septemba 2022 rais mpya akatangaza, siku ile ile ya kuapishwa kwake, kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa, na wengi tukashukuru. Basi hatuwezi leo kugeuka na kuomba malori yatoweke. Tulilolidai mchana tusilikatae usiku.

Swali letu ni jingine: lori lipite wapi, lipite saa ngapi, na likishamaliza safari lilale wapi. Na katika kila jibu litakalotolewa, yafaa kuuliza jambo ambalo halina budi kuulizwa na mtu wa nyumbani, maana ofisini halikumbukwi: adha hii, ikiondolewa hapa, yapelekwa kwa nani? Kwa sababu amri ya malori ni nadra kuondoa adha. Mara nyingi huihamisha kutoka mlango mmoja hadi mlango mwingine, na huwa yahamia kwa yule asiyekuwako mkutanoni.

Tatizo lenyewe ni kongwe. Katika mji wa Roma, mwaka 45 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake, sheria iliyohusishwa na Julius Caesar ilipiga marufuku magari ya kukokotwa na wanyama yasiingie mjini tangu jua kuchomoza hadi alasiri, isipokuwa yale yaliyobeba vifaa vya ujenzi wa mahekalu na kazi nyingine chache za dola. Njia zilikuwa nyembamba, na watu waliumizwa na magurudumu. Amri hiyo iliwafaa waendao kwa miguu mchana. Lakini mji uliokuwa na watu wengi kiasi kile haungeweza kukaa bila nafaka, kuni na mawe, basi magari yakageuza saa, yakaingia usiku. Zaidi ya miaka 100 baadaye mshairi Juvenal alilalama kwamba katika Roma hakuna alalaye ila tajiri, kwa ajili ya mikokoteni igombaniayo njia usiku kucha. Nyumba ya tajiri ilikuwa na kuta nene, na vyumba vyake vilikuwa nyuma ya ua. Maskini alikodi chumba cha juu chenye dirisha lililoelekea njiani.

Nimeileta hadithi hiyo ya mbali kwa sababu pendekezo lile lile husikika hapa kwetu kila foleni irefukapo pale mzunguko wa Changamwe: malori na yatembee usiku, mchana uachiwe magari madogo. Mwenye gari dogo apendekezapo hivyo ana haki yake, maana amechoka kukaa saa mbili juani. Lakini yeye jioni arudi kulala Nyali. Mama wa Chaani, aliyekuwa akipata nafuu angalau kuanzia saa tano, ndiye atakayeilipia ile nafasi ya mchana kwa usingizi wa watoto wake. Sisemi kwamba safari za usiku ni haramu kabisa. Nasema kwamba hazipaswi kuamuliwa kama kwamba usiku hauna wenyewe.

Hata jambo la heri laweza kuhamisha adha. Wazazi huomba tuta liwekwe mbele ya shule au madrasa, na huomba kwa sababu ya haki: mtoto haokoki mbele ya trela iendayo kasi. Tuta likishawekwa, trela tupu irudipo bandarini usiku hulipanda, na lile bodi la chuma lisilokuwa na mzigo wa kulilemea huruka na kuanguka kwa mshindo, ekseli moja baada ya nyingine. Nyumba iliyo mkabala na tuta haitalala tena. Tuta lisiondolewe, maisha ya mtoto ni kitu cha kwanza. Lakini lau aliyeulizwa mahali pa kuliweka angekuwa pia yule akaaye hapo, huenda lingesogezwa hatua thelathini likakabili ukuta wa ghala badala ya dirisha la chumba cha kulala.

Na iko barabara ya Dongo Kundu, ambayo imeunganisha Miritini na upande wa Kusini bila mtu kuhitaji feri ya Likoni. Ni neema kubwa, hasa kwa mgonjwa wa Kwale akimbizwaye hospitali. Lakini barabara mpya ni njia mpya ya malori pia, na upande ule kuna eneo maalumu la kiuchumi lililotengewa viwanda na bandari. Watu wa Mtongwe, Shika Adabu na Ng'ombeni, waliokuwa wakiyasikia makontena kwa jina tu, yafaa wakae waanze kuuliza leo, kabla yadi ya kwanza haijafungua lango, yale ambayo watu wa Magongo walichelewa kuyauliza.

Sasa tutazame sheria yasemaje, maana wengi wetu hudhani kelele haina sheria. Inayo. Zimo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Kanuni hizo zimegawanya mchana na usiku: mchana waanza saa 12 asubuhi, waisha saa 2 usiku, kuanzia hapo hadi saa 12 asubuhi ni usiku. Kelele hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa barazani ni kama desibeli 60. Kwa nje ya nyumba za kukaa, kanuni zaruhusu desibeli 50 mchana. Kwa mitaa yenye mchanganyiko wa nyumba na biashara, 55. Kwa eneo la biashara, 60. Na kwa mahali pa ibada, 40. Usiku maeneo yote haya hushushwa hadi 35.

Desibeli, ndugu msomaji, hazihesabiki kama shilingi. Zikiongezeka 10, sikio la mwanadamu husikia kelele kama imekuwa mara mbili. Kwa hiyo tofauti ya 35 na 55, ambayo kwenye karatasi yaonekana ndogo, sikioni ni mara nne.

Hiyo 35 ya usiku ni kimya kabisa. Pangaboi la darini, hasa lile lililochakaa, laweza kuizidi. Na hapa sina budi kusema nionavyo mimi: sheria ambayo hata pangaboi huivunja si sheria ya kumlinda mnyonge. Kinachokatazwa kwa wote hutumika kwa yule ambaye askari ameamua kumkamata, na mara nyingi huyo si mwenye yadi ya malori mia. Ni afadhali kiwango kinachowezekana, kikapimwa kweli kwa chombo, kuliko kiwango cha peponi kisichopimwa na mtu.

Kanuni hizo hizo zasema kwamba gari lisitoe kelele ya kupita desibeli 84 liongezapo mwendo, zikipimwa kutoka umbali wa mita 7.5, na kwamba honi isipigwe ila kwa kuepusha ajali. Hebu tuyaweke mambo mawili pamoja. Lori lililotii sheria kwa ukamilifu, lenye desibeli 84, likipita mita saba na nusu kutoka dirisha la nyumba ambayo sheria yaipa 35, dirisha lenyewe likiwa wazi, ndani yaingia kelele ya desibeli 69 hivi, kwa kuwa dirisha wazi hupunguza kama 15 tu. Huko Ulaya wataalamu huwashauri watu wafunge madirisha yenye vioo viwili. Pwani hii, mwezi wa Februari, nani atafunga dirisha? Sisi twalala kwa wavu na upepo. Basi mwenye lori hajavunja sheria, na mwenye nyumba amevunjiwa haki yake, wote wawili kwa kanuni moja. Jambo hilo halitatatuliwa na faini wala ugomvi na dereva. Latatuliwa na njia: lori la namna ile lisipite hapo usiku, au nyumba zisijengwe hapo, au ukuta na miti viwe baina yao.

Wako watakaosema kwamba kelele ni usumbufu tu, si ugonjwa. Nawaomba wakumbuke uchunguzi uliofanywa na Arline Bronzaft, mtaalamu wa saikolojia, katika shule moja ya New York iliyojengwa kando ya reli ya juu. Madarasa ya upande mmoja yalielekea reli, na ya upande wa pili yalikuwa na utulivu. Watoto ni wale wale, na shule ni ile ile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 yalionyesha kwamba watoto wa darasa la sita walioketi upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kwa karibu mwaka mzima. Kisha mamlaka ya reli ikaweka mipira chini ya reli, na shule ikatiwa dari ya kufyonza sauti. Walipopimwa tena miaka michache baadaye, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Mwalimu katika darasa lenye kelele hunyamaza kila gari lipitapo, na fikira ya mtoto hukatika naye. Ni shule ngapi na madrasa ngapi zetu zilizo na madirisha yanayoelekea barabara ya bandarini? Mtoto anayetuhumiwa uzembe huenda ameketi upande mbaya wa darasa.

Tukija kwenye njia zenyewe, tatizo la kwanza ni kujua mwenyewe ni nani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na pia barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa ndani ya kaunti. Lakini barabara kuu zimebaki kwa serikali ya taifa chini ya KeNHA, na bandari vilevile ni ya taifa. Polisi wa trafiki nao si wa kaunti. Basi lori moja litokalo bandarini hadi yadi ya Miritini hupita mikononi mwa wakubwa watatu au wanne katika safari ya nusu saa, na mama anayelalamika huambiwa na kila mmoja aende kwa mwenziwe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari ya mwaka 2016 yaruhusu lori refu la ekseli 7 lifike tani 56 pamoja na mzigo wake, uzito wa ndovu tisa hivi. Uzito huo una mizani yake kule Mariakani na afisa wake. Usingizi hauna mizani.

Mji wa London, ambao una malori yake na bandari yake, tangu mwaka 1985 una mpango ambao nauona una hekima. Lori la kupita tani 18 halina ruhusa ya kutembea ovyo katika mitaa ya makazi kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, wala kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi. Liko tandiko la barabara kuu ambazo lori laweza kuzitumia wakati wote. Anayelazimika kufika ndani ya mtaa saa hizo huomba kibali, naye hutakiwa akae kwenye barabara kuu kadiri iwezekanavyo, kisha aingie mtaani kwa njia fupi kabisa. Kilichonipendeza zaidi ni hiki: akikosea, hutozwa faini dereva, na hutozwa faini mwenye kampuni, na ya mwenye kampuni ni kubwa kwa mbali. Wake za madereva wanaosoma hapa wataelewa kwa nini. Dereva hapangi saa. Huambiwa kontena litoke usiku huu na asubuhi liwe Voi, na akisimamishwa njiani hutoa mfukoni mwake.

Sisi hatuna haja ya kunakili London. Lakini twaweza kutaka kwamba kila yadi ya makontena, kabla ya kupewa kibali cha biashara cha mwaka, ionyeshe kwa ramani malori yake yatapita njia gani, saa gani, na yatasubiri wapi zamu yao. Hilo la mwisho laumiza wengi. Lori linalokwenda lapita. Lori linalosubiri lakaa chini ya dirisha lako injini ikinguruma usiku kucha ili dereva apate baridi, na asubuhi ukiutazama ukuta wa nyumba umepakwa masizi. Mitaa ya Chaani na Migadini haikujengwa kuwa uwanja wa kungojea. Mwenye yadi asiyekuwa na nafasi ya kungojea ndani ya ukuta wake anafanya biashara kwa kuazima mlango wa jirani bila hodi.

Lakini kanuni za kelele haziishii kwa malori, na hapa wengi wa wasomaji wetu wamo upande wa pili. Mama mwenye kinu cha kusaga unga, fundi mwanamume anayechomelea madirisha ya vyuma ubavuni mwa nyumba, mwenye duka la sharubati na jenereta yake, mwenye kumbi ya harusi: hao nao ni biashara, nao wana majirani. Kanuni ya 3 imetaja mambo ya kutazamwa katika kuamua kama kelele imepita kiasi. Miongoni mwake ni saa ya siku. Ukaribu wa nyumba za watu. Kama kelele ni ya mara moja au ya kudumu. Kama imekuzwa kwa vyombo. Na kama yaweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Hilo la mwisho ndilo la kushikilia. Jenereta ikiwekwa juu ya kipande cha gurudumu kuukuu badala ya saruji tupu, na ikaelekezwa mbali na dirisha la jirani, hupungua mngurumo bila kugharimu kitu. Kinu cha unga chaweza kusaga baada ya saa moja asubuhi. Kukata vyuma kwaweza kufanywa kabla ya magharibi. Na muuza duka aletewaye bidhaa aweza kumwambia mwenye kuleta atumie kenta mchana, badala ya lori kubwa saa tisa za usiku. Mji wa Kale umeishi hivyo siku zote: vichochoro haviruhusu lori, basi mzigo huachwa nje na kumaliziwa kwa mkokoteni na kwa bega la hamali, wala maduka ya Marikiti hayajakosa mchele.

Nalisema hili pia kwa sababu askari wa kaunti akija mtaani na orodha yake ya kelele, humfikia kwanza mwenye kinu na mwenye jenereta, maana hao hawana wakili. Mwanamke mwenye biashara ndogo akiweza kuonyesha kwamba amefanya lile liwezekanalo bila gharama kubwa, kanuni yenyewe yampa la kusema.

Na tusimamie haki hata ikiwa juu yetu. Adhana ni dakika chache, na hata jirani asiye Mwislamu mara nyingi huitumia kama saa yake. Lakini mawaidha yanayoendelea hadi saa tano usiku kwa spika za nje zilizogeuziwa madirisha, hali wasikilizaji wote wamo ndani, ni jambo jingine. Na harusi ya spika ndefu kama mlango, inayopiga hadi saa tisa, mtaani kuna mzazi aliyejifungua jana, ni jambo jingine kabisa. Haki ya jirani haina likizo ya harusi. Tukitaka kusikilizwa tunapolalamikia malori, tusiwe na la kujibiwa.

Nije kwenye la kufanya. Vita vya kelele ni rahisi kabla ya ukuta kujengwa, na ni vigumu mno baada yake. Mtu anapotaka kugeuza kiwanja cha makazi kuwa yadi, karakana au ghala, sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yamtaka atangaze. Ndipo huonekana lile bango dogo lililopigiliwa langoni au mtini, lenye maandishi ya Kiingereza na nambari ya kiwanja. Twalipita tukienda sokoni. Bango hilo ndilo mlango wetu: kwa kawaida hutoa siku 14 za kupeleka pingamizi kwa kaunti. Ikiwa mradi ni mkubwa na unahitaji uchunguzi wa athari za mazingira, mamlaka ya mazingira, NEMA, hutangaza na kutoa siku 30 za maoni. Kijana wa nyumbani mwenye simu na alipige picha, alisome, aandike barua. Shikeni tarehe, siku ya 15 ni ya majuto.

Kwa yadi ambayo imekwisha kusimama, anzeni na daftari. Kila nyumba iandike kwa majuma mawili: tarehe, saa, aina ya kelele, imechukua muda gani, nani aliamka. Nambari za malori ziandikwe zikionekana. Mama ndiye anayezijua saa hizi, maana ndiye anayeamka. Baba mara nyingi hujua tu kwamba amechoka. Nyumba kumi zikiandika, hiyo si hasira tena, ni ushahidi, na afisa aliyezoea kuambiwa "kelele nyingi" huona aibu mbele ya karatasi isemayo saa saba na dakika ishirini, malori manne, dakika arubaini.

Kisha mikutano. Kaunti hairuhusiwi kupitisha sheria ya barabara au ya kelele bila kusikiliza wananchi. Lakini mikutano hiyo huitishwa saa nne asubuhi katika ukumbi wa mbali, saa ambayo mwanamke yuko jikoni au sokoni, na wanaohudhuria ni wenye kampuni na mawakala wao, ambao hulipwa kuhudhuria. Andikieni karani wa bunge la kaunti mkitaka kikao kimoja kiwe mtaani, baada ya alasiri. Na pasipowezekana, maoni ya maandishi yana uzito ule ule wa maoni ya mdomo.

Mtu aweza kwenda mahakamani pia. Kifungu cha 42 cha katiba champa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 chamruhusu kudai haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Wakazi wa Owino Uhuru, pale Mikindani, walipewa na mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 kwa sumu ya risasi iliyotoka kiwandani. Aliyeianzisha harakati ile, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho na mama ambaye mwanawe mchanga aliugua; mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Lakini kesi iliyofunguliwa 2016 ilimalizika katika Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024. Miaka minane, ndugu zangu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ya kufungua kesi alikuwa ameingia sekondari. Ndiyo maana nasema bango la siku 14 lasomwe.

Mwenye kuandika barua yake ya kwanza, aiandike kwa Kiswahili chake, fupi, ukurasa mmoja, kwa idara ya mazingira ya kaunti, na nakala kwa mwakilishi wa wadi na kwa KeNHA ikiwa barabara ni kuu. Ataje mtaa, ataje barabara, aambatishe kurasa za daftari. Aombe mambo matatu tu: malori yanayosubiri yasimame ndani ya yadi na kuzima injini; kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri yatumie barabara kuu peke yake; na kelele ipimwe kwa chombo, usiku, mbele ya wakazi. Apige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake kabla hajatoka ofisini, na nakala hiyo aiweke pamoja na vyeti vya watoto.